Kikombe cha Mtu Asiyekunywa Chai

Sura ya Nne

Sauti ya marehemu ilikuwa inakuja saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na Mama Tena alitaka awe ameshafika kabla yake. Tangu walipotoka mjini alikuwa anamhimiza koplo wake, na koplo, ambaye siku nyingine huendesha kama anayefukuzwa, leo alikuwa analikokota gari.

"Gari lina tatizo?"

"Mwenye tatizo ni mimi, afande. Mtu amezikwa juzi, sisi leo tunakwenda kumsikiliza."

"Hebu tena?"

"Nimesema naongeza mwendo, afande."

Kwenye makaratasi alikuwa Inspekta, lakini kuanzia makao makuu mpaka mahabusu walimwita Mama Tena, kwa ajili ya hilo "hebu tena" lake. Aliwarudisha watu kwenye maneno yao mara tatu, mara nne, mpaka uongo ukachoka wenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti mabovu, na barua moja mkobani iliyomkera kuliko magoti. Barua ilisema kwamba saa nane mchana gari lingekuja kumchukua fundi mmoja wa kituo cha anga na kumpeleka rumande ya makao makuu, kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Akishafika huko, kesi itakuwa ya wakubwa wa nchi tatu, na hakuna atakayejali tena nani alifanya nini. Jana alipiga simu kuomba siku mbili zaidi. Alipewa mpaka saa nane.

Kituo kilikuwa kwenye uwanda wa majani mafupi, mbali na makazi ya watu. Kulikuwa na jengo moja refu, na nyuma yake dishi, jeupe, kubwa kiasi kwamba jengo lilionekana limechuchumaa mbele yake. Tangu siku ya kifo dishi lilikuwa limeganda pale pale liliposimama, limeinama, uso wake ukitazama madirisha ya ofisi badala ya mbingu. Hapakuwa na upepo. Wafanyakazi waliokuwa wanatoka mlango huu kwenda mlango ule walipita wakiambaa ukuta, macho chini, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

"Linatuangalia," alisema koplo.

"Basi simama wima, likuone vizuri."

Utani ulikuwa mdomoni tu. Yeye mwenyewe hakupenda namna lile dishi lilivyoinama, na aliposhuka garini alijikuta anaambaa ukuta kama wenzake.

Habari yenyewe aliijua kwa moyo. Nchi mbili kubwa zilikuwa zinashindana kushusha watu mwezini, na kwa kuwa dunia ni duara, kila nchi ilihitaji sikio upande huu kwa saa zile mwezi unapokuwa umejificha upande wao. Zikakodi dishi moja, kwa zamu. Milango ilipakwa rangi, mmoja bluu, mwingine kijani, na mkataba ukaandikwa kurasa mia mbili na kumi. Fundi wa Bluu asiongee na fundi wa Kijani wakiwa kazini. Kitu cha upande huu kisikae upande ule. Kila upande uwe na umeme wake wa kuligeuza dishi na swichi yake kuu, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake ashike umeme. Kati ya vyumba viwili paliachwa kidirisha kimoja cha kupitishia kitabu cha makabidhiano.

Marehemu alikuwa fundi wa Kijani. Alikuwa hodari wa kutambua mawimbi hafifu, hivyo wakamwita Sikio. Mtuhumiwa alikuwa fundi wa Bluu, kaka wa mke wa Sikio, na kituo kizima kilimwita Shemeji. Siku nne zilizopita, saa nne kamili asubuhi, Sikio alizima swichi ya Kijani, akaifunga kwa kufuli lake, akatia ufunguo mfukoni, akapanda dishini kukaza nati. Saa nne na dakika kumi na mbili dishi likageuka kwa umeme wa Bluu. Sikio alianguka mita kumi na mbili, akafia hapo hapo kwenye zege. Aliyewasha swichi ya Bluu alikuwa Shemeji, na hakukana. "Niliwasha," alisema. "Basi." Tangu siku ile hakuongeza neno.

Watu wa Kijani walisema hesabu imekamilika: Bluu walitaka dishi, fundi wao akangoja mwenzake apande, akawasha. Ilibaki ile sauti tu.

*

Msimamizi wa Kijani alikuwa mama mrefu, mgeni, aliyejifunza lugha darasani na kuizungumza bila kosa na bila tabasamu. Juu ya meza yake palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi. Ndani yake mlikuwa na kikombe cha bati, cha kijani, mpini umechubuka.

"Hiki ni ushahidi," alisema. "Kilikuwa cha marehemu. Kilikuja kwetu kutoka upande wa Bluu kupitia kidirishani, asubuhi ile ile. Mimi nasema kiliwekwa kitu. Mtu alilewa, akashindwa kujishikilia."

"Daktari hakukuta sumu."

"Daktari ni wa serikali yenu. Serikali yenu inapokea kodi kutoka pande zote mbili."

"Kilikuja kwenu saa ngapi?"

"Hiyo ni taarifa ya nchi yangu."

"Saa ni ya nchi yako?"

"Saa si yetu. Kuiandika ndiko kwetu."

Mama Tena alikiinua kile kikombe, akakielekeza dirishani na kuchungulia ndani kupitia plastiki. Nje kilikuwa kimepigwa, kimechakaa. Ndani kilikuwa cheupe, hakina hata alama ya majani ya chai.

"Nani alikiosha?"

"Hakuna. Kilifungwa kama kilivyokuja."

Akakiweka chini polepole. Juu ya kichwa cha msimamizi palikuwa na spika ndogo ya zamani, kimya kwa sasa, na Mama Tena aligundua kwamba yule mama aliketi kwa kuipa mgongo, na kwamba kiti chake kilikuwa kimesogezwa siku za karibuni. Alama za miguu ya kiti zilikuwa bado sakafuni, pale kilipokuwa kwanza.

"Umehama chini yake."

Msimamizi alizitazama zile alama sakafuni. "Wewe hujaisikia," alisema. "Umeisoma tu kwenye karatasi."

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini nyuma, nchi hizi mbili zilipokuwa zinapatana, zilirusha pamoja setilaiti moja ndogo, kwa ajili ya watoto wa shule. Ukiiambia neno kwa redio, inalihifadhi, na kila ikipita juu ya kituo inalirudia, mpaka mtu aiambie jingine. Mafundi waliiita Kasuku. Urafiki ulipokwisha kila nchi ilitaka kuizima, lakini kuizima kulihitaji saini mbili, na saini mbili hazikupatikana mpaka leo. Spika zake zikabaki ukutani, vyumba vyote viwili, hazina swichi. Kasuku akaendelea kupita, mara mbili kila asubuhi, na mtu pekee aliyeendelea kumsemesha alikuwa Sikio. Akipanda dishini alibeba redio yake ya mkononi na kumhesabia Kasuku nati alizokaza, kwa mazoea tu, kama mtu anayeimba akifanya kazi.

Siku ya kifo, mwili ukiwa bado haujaondolewa kwenye zege, Kasuku alirudi raundi ya pili. Spika zikasema, kwa sauti ya mtu aliyelala pale chini amefunikwa shuka: "Shemeji, bado niko juu."

Tangu hapo haikukosa hata asubuhi moja. Hakuna aliyethubutu kumwambia Kasuku neno jingine.

*

Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mkoba wa vitu vya mumewe mapajani. Alikuwa amelielekezea dishi mgongo, naye pia.

"Pole sana, mwanangu," alisema Mama Tena, akiketi kwa kuyabembeleza magoti.

"Nimeshapoa, mama." Hakuwa amepoa. "Wamenipa viatu, saa, miwani na redio yake. Kikombe hawanipi. Wanasema kina sumu. Sumu ya kuingilia wapi? Kikombe kile hakijawahi kutiwa hata maji."

"Hebu tena?"

"Mume wangu hanywi chai, mama. Wala kahawa. Ana vidonda vya tumbo." Akaukumbatia mkoba. "Alikuwa navyo."

"Sasa kikombe cha nini?"

"Nami nilikuwa namuuliza hivyo hivyo. Viatu angesahau, kikombe hasahau. Akirudi kutoka getini kwa haraka, najua kakiacha mezani. Namuuliza, wewe mtu wa maji ya uvuguvugu, kikombe cha nini? Anacheka. Anasema, hicho ndicho kinachonirudisha nyumbani. Mimi nikadhani ni maneno ya mapenzi."

Mama Tena alilitoa daftari lake, akaiandika sentensi ile yote, neno kwa neno.

"Na kaka yako? Walikuwa wanaelewana?"

"Kaka ndiye aliyemleta mume wangu nyumbani kwetu mara ya kwanza. Humo ndani walilazimishwa kujifanya hawajuani, jioni wanakula sahani moja. Kaka akimuudhi mtu, mume wangu ndiye anakwenda kumwombea msamaha." Aliugeuza uso wake, na Mama Tena akaona kwamba hakulala siku nyingi. "Watu wanasema anamwita kaka yangu kutoka huko juu. Wewe mtu mzima, niambie. Anamwita, au anamshitaki? Mume nimeshamkosa. Nikimkosa na kaka, nabaki na nani?"

Mama Tena mwenyewe hakujua bado. Alimshika mkono kidogo, akainuka.

Koplo alikuwa anamngoja mlangoni, anatazama saa. Mama Tena alisimama naye kivulini.

"Wewe ukiwa juu ya mti," alimuuliza, "mimi nikaanza kuukata kwa shoka, makusudi, nikikutazama. Utapiga kelele gani?"

"Nitasema unaniua, afande."

"Utasema 'bado niko juu'?"

Koplo alifikiri. "Hapana. Hiyo nitakuambia ukidhani nimeshashuka."

"Hebu tena."

Akarudia, polepole, na safari hii akajisikia mwenyewe.

*

Msimamizi wa Bluu alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikono. Alikuwa na wiki mbili tu tangu aletwe kituoni, na walimkuta anahesabu kalamu.

"Kumi na nne," alisema, akaandika kwenye faili, ndipo akawapa mkono. Naye alizungumza lugha ya darasani. "Karibuni. Tafadhali msiache kitu humu ndani."

Mama Tena alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la swichi kuu. Swichi ilikuwa na mkono mrefu wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu, sasa umefungwa lakiri ya karatasi. Aliuinamia, akavaa miwani. Rangi ilikuwa nzima kote isipokuwa sehemu moja, upana wa kidole, palipolika mpaka chuma kikang'aa. Palikuwa na kitu kilichoning'inizwa na kutolewa pale mara nyingi, miaka mingi. Aliparua kwa ukucha. Juu ya kidole chake pakabaki chembe mbili za rangi ya kijani.

"Hapa pananing'inizwa nini?"

"Hapana kitu. Hakuna kitu kwenye orodha."

"Orodha unaifanya saa ngapi?"

"Kila siku, kuanzia saa nne kamili mpaka saa nne na robo. Mtangulizi wangu alikuwa anaifanya mara moja kwa mwezi." Alisema kama anayetaja ugonjwa.

"Siku ile pia?"

"Nimesema kila siku."

"Na fundi wako alikuwa wapi ukihesabu?"

"Saa nne na dakika tatu alikwenda ofisi ya mkurugenzi kusaini makabidhiano. Ni utaratibu."

"Naomba kuiona orodha ya siku ile."

"Ni siri ya nchi yangu."

"Kalamu kumi na nne ni siri?"

"Idadi yake ndiyo siri."

Koplo alikohoa, akageukia ukutani.

"Na ukikuta kitu ambacho hakimo kwenye orodha yako?" Mama Tena aliuliza, taratibu sana.

Kijana akajinyoosha. "Kinarudishwa kinakotoka. Mara moja."

Mama Tena alivua miwani. Alitazama saa: nne na dakika nne.

"Koplo, kamlete Shemeji kutoka kibanda cha getini walikomfungia. Na waombe wasimamizi wote wawili waje kwenye korido, na mafaili yao. Dada yake pia, akitaka."

*

Saa nne na dakika kumi, kivuli cha dishi kiliingia kwenye korido kupitia madirisha ya mashariki, kikalala sakafuni. Wafanyakazi walikuwa wametoka vyumbani bila kuitwa, wamejipanga ukutani, mafundi tisa kwa jumla, Bluu upande wao, Kijani upande wao. Hakuna aliyekanyaga kile kivuli. Shemeji aliletwa amefungwa pingu, mtu mnene aliyepungua ghafla, suruali ikimvuka. Alimwona dada yake, akainamisha kichwa. Alikuwa mahabusu tangu saa moja baada ya kifo. Mama Tena alikuwa ameuliza na kuuliza tena, na kuhakikisha: hakuna aliyemweleza maneno ya ile sauti, kwa kuogopa.

Spika zikaanza kukwaruza, mbili kwa pamoja, moja kila upande wa korido. Kisha mtu akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayefanya kazi juani, karibu sana, kana kwamba amesimama katikati yao.

"Ishirini na sita," alisema Sikio. "Ishirini na saba. Hii imelegea, ngoja kidogo... ishirini na nane." Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomshtua Mama Tena kuliko yote, kwa kuwa kwenye karatasi halikuwemo. Halafu ukasikika mngurumo wa mota, na chuma kikilalamika. "Shemeji? Shemeji! Shemeji, bado niko juu!"

Mkwaruzo. Kimya. Kisha tena, kutoka mwanzo: "Ishirini na sita..."

Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mmoja wa mafundi wa Bluu alikuwa analia waziwazi. Lakini Mama Tena hakumtazama mtu mwingine isipokuwa Shemeji, na akauona uso wake ukibadilika. Haukuonyesha woga. Ulikuwa uso wa mtu aliyepoteza hesabu.

"Bado?" alisema Shemeji. "Anasema bado?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kwa hiyo hakuwa ameshuka?" Alimgeukia Mama Tena kwa nguvu hata koplo akamshika bega. "Lakini kikombe kilikuwa hakipo, afande! Nilirudi kutoka kusaini, nikatazama kwenye swichi, kikombe hakipo!"

"Hebu tena," alisema Mama Tena. "Safari hii yote."

Akasema yote. Kanuni ilitaka mtu akipanda dishini, pande zote mbili zizime. Lakini kumwomba wa upande wa pili azime kulihitaji fomu ipite miji mikuu miwili, na jibu lilichukua siku tatu, na nati haingoji siku tatu. Mafundi wote wakajitungia utaratibu wao, miaka kumi na moja sasa. Anayepanda anapitisha kikombe kidirishani. Mwenzake anazima swichi na kukitundika kwenye mkono wake. Kikombe kikiwepo, mtu yuko juu, usiguse. Akishashuka, anafungua kidirisha, ananyoosha mkono, anachukua kikombe chake. Hapakuwa na neno lililosemwa, kwa hiyo mkataba haukuvunjwa.

"Kwa nini ulinyamaza siku nne?"

"Nilidhani alishuka, akachukua kikombe, kisha akasahau kitu, akapanda tena bila kukirudisha. Nilidhani kosa ni lake." Alizitazama pingu. "Ningesema nini? Kwamba mume wa dada yangu kajiua kwa uzembe? Na hawa wenzangu wafukuzwe juu yake? Nikaona heri iwe mimi."

Dada yake alitoa sauti ndogo.

Mama Tena aliwageukia wasimamizi. Wa Bluu alikuwa amekumbatia faili lake kifuani. Wa Kijani alikuwa anatazama sakafu, pale kivuli kilipoishia.

"Mnataka kunyimana, nyimaneni mwezi," aliwaambia. "Mimi nataka dakika mbili tu. Moja yako, moja yako. Kikombe kilitoka saa ngapi, na kiliingia saa ngapi."

"Nitatoa yangu akishatoa yake," alisema wa Kijani.

"Siwezi kutangulia," alisema wa Bluu.

"Andikeni kwenye vikaratasi." Akainyoosha mikono yote miwili, kulia na kushoto, viganja juu. "Nitahesabu mpaka tatu."

Alihesabu. Juu yao Sikio naye alikuwa anahesabu nati zake, hafifu sasa, Kasuku akielekea ukingoni mwa mbingu. Vikaratasi viwili vikaanguka viganjani kwa wakati mmoja, akavisoma kwa sauti.

Cha Bluu: saa nne na dakika tano. Kikombe kimoja, kijani, kwenye swichi. Si mali yetu. Kimerudishwa kidirishani.

Cha Kijani: saa nne na dakika saba. Kikombe kimoja kutoka Bluu. Kimezuiwa kwa uchunguzi.

Msimamizi wa Bluu alikuwa bado anatazama kile kikaratasi chake, na midomo yake ilikuwa inakisoma tena na tena. Hakuwa amevunja kanuni hata moja. Mama Tena alimwonea huruma, na alimchukia, vyote kwa pamoja.

"Mfungue pingu," alimwambia koplo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Shemeji, pingu zikitoka. "Ni mkono wangu."

"Mkono ni wako. Kosa si lako. Hivyo ndivyo nitakavyoandika, na hakuna mkubwa atakayenifanya niandike tena."

*

Saa tano na nusu barua ya kumpeleka rumande ilikuwa imefutwa, kwa simu iliyomgharimu Mama Tena sauti yake. Vikaratasi viwili vilikuwa ndani ya bahasha moja, na huenda vilikuwa vitu vya kwanza vya nchi zile mbili kulala pamoja tangu Kasuku arushwe. Mashine za vyumba vyote viwili zilikuwa zimerekodi sauti, nakala nne, zimesainiwa. Kwa sheria hapakubaki kazi.

Shemeji na dada yake walikuwa nje, chini ya dishi, kwenye zege. Hawakuwa wamekaribiana. Mama Tena aliwatazama kutoka mlangoni, kikombe kikiwa mkononi mwake nje ya plastiki, akashindwa kujua ampe nani.

"Kasuku anarudi saa sita kasoro dakika kumi na moja," Shemeji alisema bila kugeuka. "Raundi ya chini chini. Atasema vile vile. Na kesho. Na keshokutwa."

"Mpaka mtu amwambie neno jingine," alisema Mama Tena.

"Nikimwambia, namfuta. Sauti yake haitabaki tena huko juu." Redio ya mkononi ya marehemu ilikuwa ndani ya mkoba wa mjane. Shemeji alikuwa ameiona. "Sithubutu, dada. Nimemtoa mara moja, inatosha."

Mjane aliinua kichwa. Alilitazama lile dishi kwa mara ya kwanza tangu afike, uso kwa uso, muda mrefu. Ilipofika wakati, spika za ndani zikasikika kupitia madirisha yaliyofunguliwa, mbali, zimejaa mchanga: ishirini na sita, ishirini na saba. Mota. "Shemeji, bado niko juu."

Akaitoa redio mkobani. Akamwekea kaka yake kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake kama anavyofanyiwa mtoto.

"Kaka," alisema, "mwambie ashuke."

Shemeji alibonyeza. Mama Tena aligeuza kichwa, akaanza kuhesabu nati za ngazi, kwa sababu afisa wa polisi hapaswi kuona ushahidi ukifutwa.

"Shuka, shemeji," alisema yule mtu mnene, kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu wa nyumba moja huitana nayo mezani. "Nimezima. Shuka."

Akaachia. Mkwaruzo ulijaa uwanda mzima. Mafundi walikuwa wamesimama madirishani, Bluu na Kijani dirisha moja, na hakuna msimamizi aliyewatenganisha. Walingoja kuhesabiwa nati. Badala yake, kutoka ukingoni mwa mbingu, Kasuku akajibu kwa neno jipya, mara moja, kisha mara ya pili, mpaka akazama upande wa pili wa dunia:

"Shuka, shemeji. Nimezima. Shuka."